Watu Kumi wa Dhambi Moja



Mwezi uliopita nilialikwa na Waislamu wa mji mmoja mdogo katika kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, si mbali na Kibwezi. Nilitakiwa nitoe darsa kwa siku mbili, kisha niendelee hadi Kitui, ambako kijana wa jamaa yangu alikuwa akioa. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, wazee wa kamati ya msikiti walibaki nyuma. Mwenyekiti wao akafunga mlango, akaniambia, "Sheikh, tuna jambo. Tukilinyamazia litatuumiza, na tukilisema huenda likatuumiza zaidi."

Jambo lenyewe lilikuwa kisima. Bwana mmoja mwenye malori yapitayo njia hiyo amejitolea kuwachimbia kisima kirefu, na kuweka pampu na tangi la kutosheleza msikiti, madrasa na majirani. Anayeijua Ukambani ataelewa uzito wa zawadi hiyo. Mito ya huko mwaka mwingi ni mchanga mtupu, na akina mama huufukua mchanga ule kwa mikono na vibuyu ili maji yachururike. Asiyeweza kwenda mtoni hununua maji kwa madumu, na punda hubeba maji kabla ya kubeba kitu kingine chochote.

Bwana yule hakutaka mengi. Alitaka jiwe lenye jina la marehemu baba yake liwekwe kisimani. Alitaka pia malori yake yalazwe usiku katika kiwanja kilicho nyuma ya msikiti, na vijana wakubwa wa madrasa wapewe kazi ya kuyalinda, kwa malipo mazuri.

"Mnamshuku?" nikauliza.

Mzee mmoja akajibu, "Hatuna ushahidi, Sheikh. Lakini tuna macho."

Niliwaomba wanipe muda hadi nitakaporudi kutoka Kitui. Ninayoandika leo ndiyo niliyoyafikiri njiani, na jibu nililowapa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi watu wa pwani tumezoea kuitazama biashara ya unga kwa upande mmoja tu, yaani upande wa kijana aliyekwisha haribika, anayesinzia barazani na kuiba viatu msikitini. Huyo tunamwita teja, na tukishamtaja tunadhani tumelitaja tatizo lote. Lakini teja ni mnunuzi. Hakuna biashara duniani iliyoundwa na wanunuzi. Nyuma yake pana aliyenunua kwa jumla, aliyesafirisha, aliyehifadhi, aliyelinda, aliyeweka hesabu na aliyetoa mtaji.

Vijana wetu nao wanaitazama kwa upande mwingine. Wameangalia filamu za mfululizo, kama Narcos iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015 na kusimulia habari za Pablo Escobar wa Kolombia. Filamu humkalisha mtazamaji katika kiti cha tajiri, akayaona majumba, magari na watu wanaomtii. Hata mwisho wake wa kupigwa risasi juu ya paa, mjini Medellín mwaka 1993, huonekana kama ushujaa. Kijana akizima simu yake hujiona ni Escobar. Hajioni kuwa mmoja wa wale vijana wasio na majina waliokufa katika kila kipindi bila ya mtazamaji kuwakumbuka.

Fasihi yetu wenyewe imekuwa kweli zaidi katika hili. Wazazi wenye watoto waliosoma vitabu vya kutahiniwa katika shule za sekondari watakumbuka riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Humo, mtoto Dick anaibwa na kijakazi wa nyumbani kwao, kisha anaishia mikononi mwa tajiri anayemtumia kubeba dawa za kulevya. Watakumbuka pia hadithi iitwayo "Mkubwa" katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ya mtu anayekitafuta cheo cha siasa kwa sababu moja tu, apate pasipoti ya kibalozi ili mizigo yake isipekuliwe. Waandishi hawa wameuona muundo wenyewe. Juu pana mtaji na cheo, na chini pana mtoto mwenye mzigo.

Na muundo huo umewahi kupimwa kwa hesabu. Mwaka 2000, mchumi Steven Levitt na mtaalamu wa elimu ya jamii Sudhir Venkatesh walichapisha utafiti uliotokana na daftari za mapato na matumizi, za miaka minne, za genge moja lililouza kokeni ya kuvuta mjini Chicago. Naam, genge lilikuwa na daftari. Lilikuwa na kiongozi aliyesoma chuo, mweka hazina, msimamizi wa ulinzi na msimamizi wa usafirishaji. Kiongozi huyo naye alipeleka sehemu ya mapato kwa wakubwa waliomruhusu kuuza katika eneo lake, kama mwenye duka anavyolipia haki ya kutumia jina la kampuni kubwa.

Vijana wa chini kabisa, wale waliosimama kona za barabara, walipata kiasi cha dola 3 na senti 30 kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara nchini mwao. Wengi waliishi kwa mama zao kwa kuwa hawakuweza kulipa kodi ya nyumba. Na hatari ya kuuawa katika miaka ile minne ilikaribia kuwa mmoja kati ya kila wanne. Kazi ya hatari kubwa kuliko zote ndiyo iliyolipwa kidogo kuliko zote. Waliikubali kwa tamaa ya kupanda siku moja hadi kiti cha juu, ambacho kilikuwa kimoja tu.

Tusidhani hayo ni ya Marekani peke yake. Mwaka 2014, ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa hapa Mombasa. Januari 2017 wakapelekwa New York, na Oktoba 2018 wakakiri makosa yao. Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Baba yao alikuwa amekwisha kuuawa kwa risasi mjini Amsterdam, Mei 2000. Siyataji haya kwa kufurahia msiba wa nyumba ya mtu. Nayataja kwa sababu yaliyosemwa mahakamani yalikuwa habari za shirika la biashara. Palikuwa na washirika kutoka India na Pakistani, kila mmoja na ujuzi wake. Palikuwa na mpango wa kufungua kiwanda Msumbiji na kutengeneza bidhaa mpya. Na palikuwa na fungu la rushwa la kudumu, kwa ajili ya polisi, waendesha mashtaka na mahakimu. Rushwa ile ilikuwa gharama ya biashara, kama dizeli ilivyo gharama ya mwenye matatu.

Heroini hiyo hutoka mbali. Afyuni hulimwa Afghanistan, ikishasindikwa hushushwa hadi pwani ya Makran ya Iran na Pakistani, kisha hupakiwa majahazini kuja kwetu. Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ililikamata jahazi moja nje ya pwani ya Afrika Mashariki likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Mzigo unaopenya ukafika nchi kavu, ukitakiwa bara, utapita wapi? Barabara ni ile ile. Hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, miji ambayo dereva hulala, hula na kutengeneza gurudumu. Mwenye biashara ya aina hiyo, popote alipo duniani, huhitaji katika miji kama hiyo mahali pa kulaza mzigo pasipotiliwa shaka, na walinzi wasiouliza maswali. Hapo ndipo nilipoanza kukifikiria upya kile kiwanja kilicho nyuma ya msikiti.

Asubuhi niliondoka kwa barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, ile iliyotiwa lami miaka ya karibuni, ipitayo Ikutha na Mutomo. Harusi ilikwenda vizuri, alhamdulillahi. Baada ya walima, mzee mmoja jirani wa wenyeji wangu akanijia na kuniomba dua. Si Muislamu, lakini alisema dua ni dua. Nikamuuliza dua ya nini.

Mwanawe wa pili alimaliza kidato cha nne akakosa karo ya chuo. Rafiki akamtafutia kazi ya utingo katika lori, Mombasa. Miezi michache alituma pesa nyumbani, na mama akanunua mabati. Kisha kijana akaambiwa kuna vifurushi vidogo vya kuwapelekea watu, kila safari na chake. Baadaye akapewa mzigo auze mwenyewe, kwa mali kauli.

Ndugu msomaji, mali kauli unaijua. Ni desturi nzuri ya wafanyabiashara wetu, mwenye mali kukupa bidhaa bila ya kulipa, ukauza, ukarudisha yake, ukala faida. Imejengwa juu ya uaminifu. Lakini katika biashara ya unga, mali kauli ni kitanzi. Kijana anapewa kete hamsini. Kumi zikiibwa, au mnunuzi akikimbia, au yeye mwenyewe akizionja, zile kumi ni deni lake. Ili alilipe hupewa nyingine mia. Hawezi kuacha kazi kwa kuwa ana deni, wala hawezi kumaliza deni kwa kuwa hajaacha kazi. Wengi tunaodhani wamefungwa na ulevi, kwanza walifungwa na daftari.

Siku moja kijana yule alikamatwa na mzigo. Yuko rumande. Mzee akauza mbuzi kumtafutia wakili. Wiki ya pili wakaja watu wawili Kitui, wamevaa vizuri na wanazungumza kwa adabu. Hawakuja kutoa pole. Walikuja kudai shilingi 60,000, thamani ya mzigo uliochukuliwa na polisi. Walimwambia mzee kuwa mwanawe aliupokea mzigo kwa kauli, na kauli haijafutwa.

"Nikauza ng'ombe," akasema. "Sheikh, mtoto amefungwa na mimi ndiye ninayelipa."

Nilikaa kimya muda mrefu. Hapo niliona tofauti baina ya biashara hii na biashara ya halali. Katika biashara ya halali, mwenye mtaji ndiye anayebeba hasara. Sheria yetu katika mudharaba inasema hivyo: mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida, lakini mali ikipotea bila ya uzembe wa mfanyakazi, hasara ni ya mwenye mali. Faida haiwi halali kwa mtu asiyekubali kuhatarisha chake. Genge limeipindua kanuni hiyo juu chini. Faida yote hupanda na hasara yote hushuka, na ikifika chini kabisa humkuta mzee wa Kitui zizini kwake.

Njiani kurudi nikaikumbuka hadithi ambayo tangu utotoni tuliisoma chuoni kwa kuhifadhi tu. Mtume (s.a.w.) alipoizungumzia laana ya pombe hakumtaja mnywaji peke yake. Aliwataja watu kumi: anayeikamua na anayeagiza ikamuliwe, anayeinywa, anayeibeba na anayebebewa, anayeiandaa, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Wanazuoni wamekiingiza katika hukumu hiyo kila kinacholevya na kuharibu akili. Nilikuwa nikiiona kama orodha ya makosa. Safari hii niliiona kuwa ni muundo mzima wa biashara, umewekwa wazi karne kumi na nne kabla ya zile daftari za Chicago kusomwa.

Sasa tujiulize, katika hao kumi, sisi tunawajua wangapi? Polisi humkamata mbebaji na muuzaji wa kete. Mtaa humlaani mnywaji. Wengine saba wanakwenda zao. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko, na wengine wakapofuka. Waliozikwa walikuwa wanywaji. Aliyeichanganya sumu ile hakuwa kwenye benchi la kilabu usiku ule.

Na yule wa nane, anayekula thamani yake, ndiye anayenitia hofu kubwa zaidi, kwa sababu huyo anaweza kuwa mimi. Mwenye nyumba anayepangisha chumba kwa kodi maradufu na haulizi kinahifadhi nini, anakula thamani yake. Mama anayepokea pesa za mwanawe asiye na kazi na kumuombea dua ya kuongezewa, anakula thamani yake. Na msikiti unaotandikwa zulia jipya na mtu ambaye kila aliyemo anazijua habari zake, kisha imamu akamuombea hadharani, nao je? Ninaandika haya nikijua kuwa katika ujana wangu wa uimamu nilipokea mchango wa namna hiyo, na sikuuliza. Nilijiambia kuuliza ni kumdhania mtu vibaya. Kwa kweli niliogopa jibu.

Nilipofika Makueni, wazee walikuwa wakinisubiri. Niliwaambia kwanza kuwa hatuna haki ya kumtuhumu mtu bila ya ushahidi. Huenda bwana yule ni mtu safi, na malori yake yamebeba saruji na unga wa ngano. Kwa hiyo tusimhukumu yeye, tuyahukumu masharti. Kisima ni sadaka, na sadaka haifungwi na sharti la kulaza malori. Msikiti haukodishi jina lake. Vijana wa madrasa hawataajiriwa na mtu yeyote bila ya mkataba ulioandikwa na mzazi kutia saini. Na mchango wowote mkubwa utangazwe mbele ya jamaa, pamoja na chanzo chake.

Mzee mmoja akauliza, "Na kama mali ni ya haramu, lakini mwenyewe ametubu, anataka kuisafisha?"

Nikamjibu kuwa wanazuoni wengi wamesema mwenye kutubia huitoa mali ile kwa wenye haki yao, na wasipojulikana huitoa katika maslahi ya watu, na kisima kinaweza kuwa katika hayo. Lakini huitoa kwa kujivua, bila ya jiwe wala jina, na biashara yenyewe iwe imekwisha achwa. Anayetoa kwa mkono mmoja na kuendelea kuuza kwa mkono wa pili hajatubu. Huyo ananunua.

Walimpelekea ujumbe wa heshima, kwamba kisima kinapokelewa kwa mikono miwili, ila malori yatafutiwe mahali pengine. Hakukasirika. Alisema atafikiri. Hadi ninapoandika hajarudi, wala mashine ya kuchimba haijaja.

Asubuhi ya kuondoka nilitawadha kwa maji ya dumu. Mama aliyeyaleta alikuwa amesikia habari, kwa kuwa mji ni mdogo. Akanitazama, akasema kwa upole, "Sheikh, wewe unarudi Mombasa kwenye mfereji."

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana ninawaletea maneno yake. Amesema kweli. Tena sehemu ya maji tunayokunywa Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, na chemchemi hizo hulishwa na mvua inayonyea vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni yenyewe. Maji hupita chini ya miguu yao na kutufikia sisi. Si haki tuwafikishie fatwa peke yake.

Tukimwambia mtu aikatae haramu, tumechukua dhamana ya kumtafutia halali. Genge linaajiri kwa kuwa hakuna mwingine anayeajiri. Linakopesha kwa kuwa hakuna mwingine anayekopesha, na linachimba visima kwa kuwa sisi hatujachimba. Kwa hiyo nimezungumza na wazee watatu wa msikiti wetu, na baada ya sala ya Ijumaa ijayo tutakaa kulijadili jambo la kisima kile, hesabu ikiwa wazi na kila mchangiaji akijulikana. Atakayetoa shilingi mia, ajue zimetoka wapi. Hatutaweka jiwe.

Na ewe mzazi ambaye mwanao amepata kazi ghafla, muulize maswali matatu. Nani mwenye mali? Ukipotea mzigo, analipa nani? Daftari la deni liko kwa nani? Akishindwa kukujibu, mrudishe nyumbani wakati deni lingali dogo. Mabati ya bandani yanaweza kusubiri.

Allah (s.w.t.) atulindie vizazi vyetu, amfariji mzee wa Kitui, na awape watu wa Makueni maji yasiyo na deni. Amin.

Wabillahi tawfiq.